Kamusi ipo hewani lakini neno halipatikani: dalili, sababu na pa kuanzia kutengeneza

Haya nimeyakusanya kutokana na malalamiko yale yale ninayoletewa kila mara, sauti za WhatsApp kutoka Wete na Chake, skrini shoti za watu wa hapa mjini Unguja, na siku moja mtu kanishika bega Forodhani nimesimama na bakuli langu la urojo ananiuliza kwa nini kamusi yake imekufa. Haijafa. Kamusi ya mtandaoni ikisumbua wa kwanza kulaumiwa ni seva, wa pili ni bando, lakini mie nilivyoona ukifuatilia mpaka mwisho tatizo mara nyingi unalikuta limelala ndani ya kitomeo chenyewe, yaani neno pamoja na maelezo yake, limo humo tokea siku neno lilipoingizwa.

Nachukulia una orodha ya maneno, ya Kiswahili sanifu au ya lahaja yoyote, Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi, na umeshaiweka kwenye fomati inayoeleweka, yaani TEI, ile XML (maandishi yaliyofungwa kwa tagi) ya watu wa maandiko ambayo ina sura nzima ya kamusi. Juu yake umeweka huduma, programu nyengine zinauliza neno zinajibiwa. Jibu kwa kawaida linatoka kwa JSON, fomati nyepesi inayosomwa na programu, wengine wanatoa na OntoLex ili neno liunganike na data za watu wengine, na wako ambao bado wana ile itifaki ya kamusi ya DICT ya mwaka 1997 inayosikiliza mlango wa 2628, kongwe lakini inakwenda. Toa zote ukitaka, ilimradi asili iwe moja. Kama unahariri TEI huku na JSON kule kwa mkono basi yakhe hata usiendelee kusoma, kwanza amua ipi ndiyo asili, na nyengine iwe inazalishwa na programu.

Na kabla hujagusa chochote piga kopi ya faili na ya databesi, uiweke nje ya seva. Flashi inatosha.

Ng'ombe hapatikani, au anatoka kama "ngâ€™ombe"

Hii ndiyo mama yao zote. Hazipiti siku nyingi bila ng'ombe, ng'ambo au ng'ang'ania kunifikia.

Anza na jaribio la bure: fungua faili la asili, kopi neno humo humo bila kuliandika upya, lipesti kwenye kisanduku cha kutafutia. Likipatikana kwa kupesti na lisipatikane kwa kuandika, sababu umeshaipata, ni ile alama ya juu baada ya ng. Kwa macho ni moja, kwa kompyuta ziko angalau tatu. Iko iliyonyooka ya kibodi, U+0027 (hiyo ni namba yake ndani ya Unicode, orodha ya herufi zote za kompyuta). Iko iliyopinda, U+2019, hii Word na baadhi ya simu huiweka wenyewe bila ya kuombwa. Na iko U+02BC ambayo kwa Unicode inahesabiwa ni herufi kabisa, si alama ya kunukuu. Sasa mwandishi wa kwanza kaandika vitomeo kwa Word, wa pili kaandika kwa simu yuko kwenye boti anakwenda Mkoani, wa tatu kakopi kutoka websaiti, basi ng'ombe yuko zizi moja na ng'ambo kavuka kweli.

Dawa ni kuchagua alama moja ya kuhifadhia. Mie natumia iliyonyooka kwa sababu kila kibodi inayo, wako wanaotaka U+02BC na hoja yao ina maana, kwamba programu haitaikata ng'ombe vipande viwili pale mtu anapobonyeza neno mara mbili. Chagua unayotaka, sigombani na mtu, ila usisahau upande wa pili maana hapa ndipo watu wanapoangukia: mtu kasafisha faili zima siku mbili, lakini swali linaloingia kutoka kwa mtafutaji halisafishwi, na mtafutaji anatumia simu yenye alama iliyopinda, bado anarudi mikono mitupu. Usafi ule ule uliopitisha kwenye vidahizo, yaani maneno yanayoongoza vitomeo, upitishe na kwenye swali kabla ya kulinganisha.

Ukiona takataka yenyewe, ngâ€™ombe, hiyo ni khabari nyengine kidogo. Alama iliyopinda kwa UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi kwa baiti, ni baiti 3, E2 80 99. Msomaji akizisoma kwa Windows-1252, njia nyengine ya zamani, kila baiti anaiona herufi mbali, anapata â, anapata €, anapata ™. Data yako hwenda bado nzima, imesomwa kwa miwani ya mtu mwengine. Angalia kwanza jibu la seva linataja charset=utf-8, halafu angalia muunganisho wa programu na databesi nao umeambiwa UTF-8, si databesi peke yake. Usikimbilie kufanya tafuta-na-badilisha kwenye faili kabla hujajua takataka imo ndani ya faili au iko kwenye kuonyeshwa tu. Mie niliwahi kuligeuza faili lililokuwa zima kwa kudhani bovu, nikalihifadhi, alama moja ikawa Ã¢â‚¬â„¢, herufi 8 mahali pa moja. Ilinichukua usiku mzima kurudi nilikotoka, na kopi sikuwa nayo.

Sababu ndogo zaidi ni linki. Ndani ya anuani alama iliyonyooka huandikwa %27 na iliyopinda %E2%80%99, sasa kama apu inaunganisha anuani kwa kubandika neno bila kuligeuza, baadhi ya maneno yatafika na mengine yatakatikia njiani. Tumia fankisheni ya lugha yako ya programu ya kugeuza anuani, usigeuze kwa mkono.

Na hapa simama usome polepole. Kama kila neno linajibiwa vizuri ila lenye alama iliyonyooka tu ndilo linalotoa kosa la 500, yaani seva yenyewe imeshindwa, hilo si tatizo la kamusi, ni la usalama. Maana yake programu yako inalichukua neno la mtafutaji na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya databesi, na ng'ombe kwa bahati kaifunga nukuu kabla ya wakati. Leo kaifunga ng'ombe bila ya nia mbaya, kesho ataifunga mtu anayejua anachokifanya na databesi yote itaondoka. Usitibu kwa kuipiga marufuku alama, utakuwa umeyafukuza maneno yote ya ng'. Zima utafutaji, mwite mtu wa databesi aandike maswali yenye vigezo vilivyotengwa, ndipo uwashe. Hili usijifunzie kwenye huduma iliyo hewani.

Neno lipo kitabuni, huduma inasema hakuna

Kabla ya lolote muombe aliyelalamika akutumie skrini shoti. Si "nilitafuta neno fulani", la, picha. Mara nyingi picha peke yake inamaliza kesi.

Sababu ya kwanza: mtu kaandika neno kama linavyosemwa, kamusi imeliweka kama linavyohifadhiwa. Kaandika walimu, kidahizo ni mwalimu. Kaandika anapika, kidahizo ni pika. Mtu ana haki yake, yeye kalikuta neno kwenye sentensi hakulikuta limevuliwa nguo. Kwa nomino dawa ni nyepesi, wingi uandike ndani ya kitomeo:

`<form type="lemma"><orth>ulimi</orth></form>`
`<form type="inflected"><orth>ndimi</orth></form>`

halafu utafutaji uangalie orth (tagi ya tahajia) zote, si ile ya lemma (kidahizo) tu. Usitegemee kutafuta kwa herufi za mwanzo, ulimi na ndimi hazigusani mwanzo, wala jino na meno, wala jicho na macho.

Vitenzi usijaribu kuviandika vyote. Hesabu mwenyewe, viambishi vya mtenda mara nyakati mara mtendwa mara vinyambuo, pika moja tu inakuletea maelfu ya maumbo, faili litavimba na bado hawajapikiana mtu ataitafuta aikose. Hapa panahitajika kipande cha programu kinachovua viambishi, na ndipo wengi wanapojikata vidole. Mmoja aliniletea huduma yake anasema kuku kapotea. Nikaangalia, kaandika kanuni kwamba neno likianza na ku, likate. Kuku kawa ku. Kuni zimekuwa ni. Kucha imekuwa cha. Na kwa kuwa alikata na wa pia, wali umekuwa li, mtu anatafuta wali wa nazi anaambiwa hakuna matokeo, jamani Zanzibar hii! Mpangilio ni huu: tafuta kwanza neno kama lilivyo, likikosekana ndipo uvue kiambishi, na ukishavua angalia kama kilichobaki ni kidahizo kweli, kama sicho rudi nyuma. Na vitenzi vifupi kama la, fa, nywa vipe njia yao, maana ku yao hukaa hata kwenye anakula na atakufa.

Sababu ya pili ni tahajia. Watu wetu wanaandika khabari, kheri, skuli, spitali, na kamusi ina habari, heri, shule, hospitali. Usiwarekebishe, waongezee `<form type="variant">`. Wako wanaofuta ya pili ati ili faili liwe safi, unapata faili safi lisilopata mtu.

Ya tatu inachekesha lakini inakula muda: umehariri faili hujaijenga upya faharasa ya kutafutia. Neno liko kwenye XML, faharasa ni ya wiki iliyopita. Ijenge upya kwanza ndipo ukune kichwa.

Ya nne ni nafasi zisizoonekana. Data iliyopitia Excel mara nyingi ina nafasi nyuma ya neno, na data iliyokopiwa kutoka websaiti ina ile nafasi isiyovunjika, U+00A0, ambayo amri nyengine za kusafisha nafasi zinaipita tu.

Ya tano inawatesa wanaoanza na TEI. Unauliza kwa XPath, lugha ya kutafutia ndani ya XML, `//entry`, yaani vitomeo vyote, unapata sifuri, hakuna kosa lolote, sifuri tu. TEI ina uga wake wa majina, `http://www.tei-c.org/ns/1.0`, na usipouambia programu, entry unayoitafuta wewe na entry iliyomo kwenye faili kwake ni vitu viwili. Utangaze uga huo upe kifupi, tei kwa mfano, uulize `//tei:entry`.

Jambo jengine dogo, jibu la "hakuna" nalo liwe na adabu. Mtu akitafuta na kukosa, mpe 200 (namba ya seva ya kusema mambo sawa) na orodha tupu. Akienda kwenye anuani ya kitomeo kisichokuwepo mpe 404 (hakipo). DICT ina yake, 552. Usiitumie programu ukurasa mzima wa HTML wenye pole nyingi na picha ya jahazi kwa namba 200, programu itajaribu kuusoma kama JSON na wewe utapigiwa simu usiku.

Na kama neno kweli halimo, ni la Makunduchi au la Micheweni na hujui maana yake, simama hapo hapo. Hiyo si kazi ya fundi. Acha kitomeo kikiwa na alama ya kusubiri mpaka apatikane msemaji wa lahaja na mtu wa leksikografia, yaani utunzi wa kamusi. Kukisia maana ni rahisi kuliko kuifuta, huduma yako ikishatumiwa na apu nyengine tatu hilo kosa limeshatembea.

Paa mmoja tu anarudi

Unatafuta paa unapata mnyama tu. Liko wapi paa la nyumba, kuko wapi kupaa angani, na kupaa samaki kwa kuondoa magamba? Wanne waliingia, katoka mmoja, mara nyingi yule wa mwisho kuandikwa.

Sababu iliyozoeleka ni JSON ambayo ufunguo wake ni neno lenyewe. Funguo zikifanana wasomaji wengi wa JSON hubaki na ya mwisho na hawasemi kitu. Geuza, kila neno lirudishe orodha hata kama ina kitu kimoja, na kila kitomeo kiwe na kitambulisho chake, paa-1, paa-2, paa-3, paa-4. Ikiwa hata kwenye TEI yuko mmoja basi mtu aliwaunganisha wote ndani ya entry moja yenye sense (maana) nne, na hapo kuwatenganisha si kubonyeza kitufe, mwite mwanaisimu aseme ipi ni homonimu, yaani neno mbali lililofanana kwa tahajia, na ipi ni maana ya pili tu ya neno lile lile. Mie nikifika hapo naweka mikono mfukoni.

XML inakataa kusomeka kabisa

Endesha `xmllint --noout kamusi.xml`. Itakutajia mstari. Mstari huo si lazima uwe wenye kosa, tagi iliyosahauliwa kufungwa mstari wa 300 inaweza kulalamikiwa mstari wa 812, kwa hiyo panda juu.

Mara nyingi ni alama ya & iliyoandikwa peke yake kwenye mfano wa sentensi, inatakiwa iwe `&amp;`. Baada ya hapo tagi zisizofungwa. Mara nyengine ni nafasi au mstari mtupu kabla ya tangazo la XML pale juu kabisa, hilo halikubaliki hata nafasi moja. Kwa wanaozalisha JSON kwa PHP ndugu yake ni BOM, baiti EF BB BF ambazo baadhi ya programu za kuandikia huzipachika mwanzo wa faili, huzioni, na apu inasema JSON imeharibika tokea herufi ya kwanza. Hifadhi tena bila BOM.

Halafu kuna vitambulisho. `xml:id` haikubali nafasi, haikubali kuanza na namba, haikubali ile alama yetu ya juu ikiwa iliyonyooka au iliyopinda, na haikubali kujirudia. Kwa hiyo watu wanaiondoa alama tu, ng'ombe anakuwa ngombe, na mambo yanakwenda mpaka siku ng'oa anapokutana na ngoa. Ng'oa jino na kulia ngoa, vyote vinakuwa ngoa, faili linakataa. Weka mstari wa chini mahali pa alama, ng_oa, au tumia namba zenye herufi mbele, k00417, ambazo hazina maana yoyote na kwa hiyo hakuna atakayetaka kuzibadilisha.

Faili kusomeka si sawa na kuwa sahihi. Ukishapita hapo lipime na skima, yaani kanuni za muundo wa faili, TEI Lex-0 ni nzuri kwa kamusi kwa sababu inakunyima uhuru: TEI ya kawaida inakupa njia tano za kuandika jambo moja, Lex-0 inakubakishia moja, na anayekuja kusoma data yako hana haja ya kukisia. Makosa mia nane yakitoka usitishike, mengi huwa ni kosa moja limejirudia. Yakiwa ya aina aina kweli na faili limepitia mikono mingi, usiandike skripti ya kutengeneza yote kwa mpigo, tengeneza vitomeo ishirini kwa mkono kwanza uone kosa lina sura gani.

Kwangu inafunguka, kwenye apu ya mwenzangu haifunguki

Ukiifungua anuani kwenye brauza unaona JSON nzuri, mwenzako kaiita kutoka kwenye websaiti yake haipati kitu. Sababu ya kwanza ni CORS. Brauza haimruhusu ukurasa wa nyumba moja kusoma jibu la nyumba nyengine mpaka mwenye jibu aridhie, na ridhaa ni kichwa cha `Access-Control-Allow-Origin`. Kamusi ya wazi isiyotaka kuingia kwa nywila unaweza kuiwekea nyota, anayetaka asome. Kama huduma ina sehemu ya kuhariri, sehemu hiyo usiiwekee nyota, na kama hujui tofauti ya sehemu hizo mbili kwenye seva yako muulize aliyeijenga kabla hujagusa.

Ikiwa CORS iko sawa angalia kama websaiti yake ni https na huduma yako ni http tupu, brauza inazuia kimya kimya. Halafu cheti cha https. Vile vya bure vya Let's Encrypt muda wao ni mfupi, kwa kawaida hupangwa vijihuishe vyenyewe, mpaka mtu anapofunga mlango wa 80 kwa kudhani hautumiki na mara nyingi huo ndio unaotumika kuhuishia. Mwisho angalia aina ya jibu, ukituma JSON na kusema ni text/html iko programu itakayokataa na ina haki.

Kamusi inatambulika kama ya lugha nyengine

Hii huioni wewe, anaiona anayekusanya kamusi za watu. Kitu cha kwanza angalia `xml:lang`, pale panapotajwa lugha. Nimekuta ki, mtu kaona Kiswahili kinaanza na ki. Kwa orodha ya ISO ya lugha, ki ni Kikikuyu. Nimekuta ks, hiyo ni Kikashmiri. Kiswahili ni sw. Zile za herufi tatu ziko pia, swa ni ya mkusanyiko mzima, ndani yake mna swh ya huku kwetu na swc ya Kongo, lakini kwenye `xml:lang` kanuni ni kutumia fupi ikiwepo, kwa hiyo sw.

Lahaja ndipo penye utamu. Unaweza kuandika sw-x-pemba, sw-x-tumbatu, programu zitakubali. Kijana mmoja akaandika sw-x-makunduchi ikakataliwa, akaniambia hata kompyuta inawabagua Wamakunduchi. Hapana, kipande kimoja hakizidi herufi 8 na makunduchi ina 10. Kikae ina 5, wenyewe ndivyo wanavyokiita, sw-x-kikae ikapita. Ila lebo hizi za x ni za makubaliano yenu, wa nje hazijui, ziandike maana yake kwenye teiHeader, sehemu ya juu ya faili yenye maelezo yake, na ndani ya kitomeo weka pia `<usg type="geographic">` ili hata asiyejua lebo aone neno ni la wapi.

Asili za Kiarabu zikitoka visanduku au herufi zimeachana, zipe `xml:lang="ar"` na fonti yenye herufi hizo. Basi.

Inajibu polepole

Kama kila swali linasubiri sekunde kadhaa, hwenda programu inalisoma faili zima la XML upya kwa kila neno. XML ni ya kuhifadhia, ya kujibia ni faharasa. Kama ni polepole nyakati fulani tu, tazama logi, mara nyingi ni programu moja inavuta kamusi yote neno kwa neno. Mpe faili zima alipakue mara moja, na wanaozidisha warudishie 429, yaani umeuliza mno. Kama umeme umekatika hapo seva ilipo, hilo silitibu.

Linki za jana hazifiki

Vitambulisho vimezalishwa upya. Mtu kapanga vidahizo kwa alfabeti akavipa namba mpya, neno moja limeongezwa kwenye A na kila kitu kimesogea. Waliounganisha kwa OntoLex sasa wanaelekezwa neno jengine kabisa, na huko hakuna kosa linalotoka, ndiyo ubaya wake. Rudisha kopi ya zamani, toa jedwali la kitambulisho cha kale na kipya, elekeza kwa 301, yaani imehamia huku kabisa. Kama kopi haipo acha kubahatisha, wapate waliopakua faili lako kabla, mmoja wao atakuwa nayo.

Umepokea barua ya kuambiwa uiondoe

Na hii nayo ni dalili, imeshawafika wawili ninaowajua. Sababu: vitomeo vilipigwa chapa kutoka kwenye kamusi ya kitabu, fasili neno kwa neno. Kuigeuza kuwa TEI hakukuifanya yako. Angalia kwanza teiHeader, sehemu ya `availability`, kama imeandikwa leseni na nani alitoa ruhusa. Ikiwa tupu, jibu la fundi limekwisha hapo. Zima huduma kwa 503 (haipatikani kwa sasa) au 451 (imezuiwa kisheria), usifute data, usimjibu mtu kwa hasira wala kwa kukiri, chukua barua yako uende COSOZA, wenye kushughulikia hakimiliki Zanzibar, au kwa wakili, na uende na orodha ya vitomeo vilivyotoka kitabuni na vile mlivyovikusanya wenyewe kwa wazee, kama mliwahi kuvitenganisha.